Katiba, Ramani na Mto Ruzizi

Mwalimu wa historia, jiografia na elimu ya uraia katika kartie ya Nyalukemba, komini ya Ibanda, mara nyingi huingia darasani na chaki na daftari lake la matayarisho tu. Vitabu ni haba. Hata hivyo, vifaa bora vya masomo hayo matatu vipo Bukavu, na havihitaji kuagizwa ng'ambo.

Cha kwanza ni Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 45 kinailazimisha dola kuisambaza na kuifundisha, pamoja na Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Kifungu cha 1 kinakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na cha 142 kinaipa serikali siku 60 kuisambaza kila sheria mpya kwa Kifaransa na kwa lugha hizo nne. Mtoto anayekariri vifungu kwa Kifaransa bila kuvijadili kwa lugha anayoisema sokoni na nyumbani, haki yake hajaijua bado. Marekani ina sheria ya mwaka 2004 inayozitaka shule zinazopokea fedha za serikali kuu kufundisha Katiba yao kila 17 Septemba. Sisi nasi tungeitumia vizuri 18 Februari.

Ramani ya zamani nayo isitupwe. Iliyochapwa kati ya 1988 na 2015 inaonyesha majimbo 11, ilhali leo, pamoja na mji wa Kinshasa, ni 26. Ibandike kando ya kifungu cha 2 cha Katiba, kinachoyataja majimbo, wanafunzi watafute wenyewe kilichobadilika. Waelezwe pia kwamba hadi 1988 Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema zilikuwa jimbo moja.

Lakini kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni Ruzizi. Mto huu unatoka Ziwa Kivu hapa hapa Bukavu, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,460, ukateremka hadi Tanganyika, mita zipatazo 770. Kutoka huko maji hupita mto Lukuga, yakaingia Lualaba, na mwisho Atlantiki. Zamani za kale mambo yalikuwa kinyume: maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Nile, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Ziwa likajaa, likamwagikia kusini. Mwanafunzi akilielewa hilo, ameelewa kwa nini mvua ya Bukavu huishia Banana, pwani ya Atlantiki, na si Misri.

Mto huo huo ni mpaka. Wajerumani na Wabelgiji waligombania Kivu kwa miaka, hadi mapatano ya 1910 yalipokata mpaka ziwani na kuufuata Ruzizi. Kisiwa cha Idjwi kikawa cha Wabelgiji. Mji wa Bukavu wenyewe waliuita Costermansville, kwa jina la ofisa wao Paul Costermans, hadi miaka ya 1950.

Kisha uraia. Kituo cha umeme cha Ruzizi II, cha mwaka 1989, kinaendeshwa na SINELAC, shirika la Kongo, Rwanda na Burundi. Maji ya mto wa mpaka ni ya nani? Umeme ukikatika mtaani, nani anapaswa kujibu: SNEL (shirika la umeme la taifa), jimbo au Kinshasa? Darasa likijadili hayo kwa dakika 40, limejifunza mengi zaidi kuhusu serikali kuliko kwa kukariri orodha ya mawaziri.

Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu, Februari 2025, watoto wanauliza mamlaka yanatoka wapi. Mwalimu asihubiri, wala asilikwepe swali. Awasomee kifungu cha 5: mamlaka yote hutoka kwa wananchi.

Wakuu wa shule na kamati za wazazi, anzeni na kidogo mnachokiweza: vifungu vya 1, 2, 5, 43 (haki ya elimu) na 45 vichapwe kwa Kiswahili, na ramani ya majimbo 26 ichorwe ukutani kwa rangi isiyofutika.