Kabla Hamjanunua "Kompyuta" ya Gari

Mwezi huu ukurasa wetu wa ufundi unahusu kitu ambacho wengi tunakisikia gereji lakini wachache tumekiona. Ni kile kisanduku chenye soketi kubwa za waya, kinachoamua petroli kiasi gani iingie kwenye injini na plagi zipige cheche wakati gani. Mafundi wa Kigoma wanakiita kontroli boksi. Waliojifunza ufundi kwa Kifaransa kule Kongo au Burundi wanakiita kalkilateri. Kwa mteja ni "kompyuta" tu, na akilisikia neno hilo anaogopa, anatoa hela.

Tunawaandikia vijana wa darasa la magari, lakini sio wao peke yao. Familia nyingi humu kambini zina mtu huko nje anayeishi kwa gari: kaka mwenye teksi Uvira, shemeji anayebeba mizigo Bujumbura. Gari likizima kule, simu inalia huku.

Ndivyo ilivyomfika mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu. Mdogo wake ana Corolla ya teksi. Ilianza kuzima kwenye mashimo, halafu siku moja ikagoma kabisa: stata inazungusha, injini haishiki. Fundi akafungua boneti, akatazama, akasema kompyuta imekufa. Bei ya nyingine ilikuwa mapato ya teksi ya miezi mitatu hivi. Mama alikuwa tayari kuuza cherehani, ambayo ndo inawalisha watoto wake. Kabla hajauza, mwanawe akatuuliza: huyo fundi alipima nini? Swali zuri sana! Tukapiga simu. Hakuwa amepima kitu.

Kisanduku hiki kinakufa, hatukatai. Lakini kinakufa mara chache kuliko kinavyosingiziwa. Mara nyingi kiko kizima ila hakipati umeme, au ethi yake imelegea, au sensa moja imekivuruga. Kwa hiyo tunaanza na vitu rahisi.

Betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6. Ukipiga stata ikashuka chini ya volti 9 na nusu hivi, shughulikia betri na vichwa vyake kwanza, maana umeme ukianguka sana kisanduku nacho kinapoteza akili. Kisha washa swichi bila kupiga stata, tazama ile taa ya injini kwenye dashibodi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 lazima iwake. Isipowaka, ama balbu imeungua, ama kisanduku hakipati umeme au ethi. Angalia fyuzi, angalia rilei kuu ya injini. Tukamwambia kijana wa Uvira atazame: taa haiwaki, fyuzi nzima, rilei inalia "ta!" kama kawaida.

Basi ikabaki ethi, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Usiipime ethi soketi ikiwa imechomolewa. Hata uzi mmoja wa waya uliobaki utaonekana mzima kama hakuna mzigo. Acha soketi imechomekwa, weka mita kwenye volti, ncha moja iguse nguzo hasi ya betri, nyingine iguse waya wa ethi wa kisanduku kwa nyuma ya soketi. Mwenzako apige stata. Mita isome karibu na sifuri. Ikipita volti 0.2, kuna kutu au bolti iliyolegea mahali fulani njiani. Kule Uvira ilisoma karibu 2! Bolti ya ethi kwenye injini ilikuwa imeota kutu chini ya tope. Msasa, spana, gari likawaka. (Na tafadhali, msitumie ile taa ya kupimia yenye balbu kwenye waya za kisanduku. Inavuta umeme mwingi, unaweza kukiua mwenyewe.)

Kama umeme na ethi ni safi, pima volti 5. Kisanduku kinazitoa kwa ajili ya sensa kadhaa. Zikikosekana usiseme haraka kwamba kimeungua: chomoa sensa hizo moja moja huku unatazama mita. Volti 5 zikirudi ghafla, sensa uliyoichomoa sasa hivi au waya wake ndio mwizi. Zisiporudi hata sensa zote zikichomolewa, na waya hazijagusana popote, hapo tunaanza kukishuku kisanduku.

Wenye mashine ya kusomea makosa wana nafuu, ila wasome vizuri. P0335 inataja njia nzima ya sensa ya krankishafti, yaani sensa, waya na soketi. P0601 au P0606 ndizo zinazolalamikia kisanduku chenyewe, na hata hapo rudia kupima umeme kwanza.

Mkifika hapo, kifungueni mkitazame. Maji yaliyoingia yanaacha alama za kijani. Kapasita zikivuja, hasa za visanduku vya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kunakuwa na unyevu kwenye bodi na mara nyingine harufu kama ya samaki. Betri iliyofungwa kinyume, au kuchomelea bodi ya gari bila kutoa waya wa betri, navyo vinaua. Waulizeni wenye gari, ila kwa upole, maana wengi wanaficha.

Na kama kweli kimekufa, cha mtumba kinafaa, lakini namba iliyoandikwa ubavuni ilingane na ya zamani, sio umbo tu. Magari yenye ufunguo wa chipu yana jambo jingine: kisanduku kigeni hakiujui ufunguo wenu, gari halitawaka mpaka kiingizwe programu. Huyo wa kuiingiza muulizeni bei kabla ya kulipia kisanduku.