Fahamu: Zohran Mamdani alifanya nini kabla ya umeya?

Kabla ya kushinda umeya wa jiji la New York Novemba 2025, Zohran Mamdani alikuwa mbunge wa jimbo. Msomaji wa Afrika Mashariki asichanganyikiwe: jimbo hapa ni New York nzima, lenye bunge lake mjini Albany, mbali na lile la taifa la Washington. Baraza la chini la bunge hilo, alimokuwa Mamdani, lina wajumbe 150, na kila baada ya miaka miwili wote hurudi kwa wapiga kura.

Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991. Baba yake ni Profesa Mahmood Mamdani, mama yake mwongozaji filamu Mira Nair. Aliwahi kurap, kisha akawa mshauri wa watu waliokaribia kunyang'anywa nyumba kwa madeni.

Mwaka 2020 alimshinda Aravella Simotas, mbunge aliyekuwa madarakani, katika kura za mchujo za chama cha Democratic, akaanza kuwakilisha eneo la Astoria, Queens, jijini New York, Januari 2021.

Mwaka huohuo wa 2021 aligoma kula siku 15 pamoja na madereva wa teksi waliozama katika madeni ya leseni. Jiji likakubali mpango wa kuwapunguzia mzigo. Baadaye alisukuma jaribio la mabasi ya bure, njia tano tu, kwa takriban mwaka mmoja. Lilikuwa dogo, lakini ahadi ya mabasi ya bure ndiyo aliyokwenda nayo kwenye kampeni ya umeya.