MWEZI WA KUMI KATIKA KISIWA CHA IDJWI: MVUA NA AFYA YA NYUMBA YAKO

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Idjwi ao unayevuka Ziwa Kivu kwenda huko, mvua ya mwezi wa kumi unaipenda. Bila mvua hiyo hakuna maharagi wala mihogo. Lakini nyuma ya mvua kuna magonjwa, na hayaji ovyo ovyo: kila ugonjwa una zamu yake. Mwenye kujua zamu hizo anaweza kujitayarisha mbele.

1. Mvua inatoka wapi?

Toka mwezi wa sita mpaka wa nane kisiwa ni kikavu. Mwisho wa mwezi wa tisa jua linapita juu ya vichwa vyetu likienda kusini, na mvua inalifuata.

Angalia siku moja ya mwezi wa kumi. Asubuhi mara nyingi ni kweupe. Saa sita jua linachoma milima, hewa yenye moto inapanda pamoja na mvuke wa ziwa. Ikifika juu inapoa, inakuwa mawingu meusi, na mchana mvua inapiga pamoja na radi. Usiku mambo yanageuka. Milima inapoa upesi kuliko maji, upepo unashuka kwenda ziwani, na dhoruba inaweza kuzuka katikati ya ziwa wakati wavuvi wa sambaza wako na taa zao.

2. Mvua za kwanza: angalia maji

Wakati wa jua uchafu wote ulibaki juu ya udongo: mavi ya watu, ya mbuzi, takataka za soko. Mvua za kwanza zinausukuma mpaka kwenye chemchemi na pale ziwani unapochota. Ndipo kuhara kunaanza, na kolera inaweza kufuata.

Lakini usifikiri kolera inangojea mvua. Mwezi wa saba 1994, wakati wa jua, iliua maelfu ya wakimbizi kule Goma, kwa ziwa hili hili. Kinacholeta kolera ni mavi ndani ya maji.

Basi usikunywe maji ya ziwa hata yakionekana safi. Yachemshe mpaka yatokote vizuri, kwa dakika tatu, kisha yafunike. Ukikinga maji ya manjanja, acha mvua ya kwanza ioshe nyumba juu, halafu weka bidoni yako.

Mtoto akihara, wengine wanamnyima maji ili tumbo likauke. Hiyo inaua! Mtoto anakufa kwa sababu maji ya mwili yamekwisha. Mpe titi, na paketi ya SRO ya kituo cha afya. Kama hakuna, twaa litre moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, bila kilima. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kwa munganga.

3. Mvua ya leo, homa ya mwezi ujao

Mbu wa malaria anataga mayai katika maji yaliyosimama: mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe, mifereji iliyoziba. Yai linakuwa mbu kwa siku 10 hata 14, na zaidi penye baridi. Mbu huyo akimwuma mgonjwa, mdudu wa malaria anakomaa ndani yake siku 10 ao zaidi. Kisha mtu aliyeumwa anakaa tena juma moja ao mawili mbele homa haijampata.

Hesabu mwenyewe! Homa ya mwezi wa kumi na moja ilianza katika shimo la mwezi wa kumi. Kwa hiyo fukia mashimo sasa, na lala ndani ya mustikere yenye dawa sasa, hata kama hakuna mgonjwa nyumbani.

4. Baridi na kifua cha mtoto

Ziwa liko metre 1,460 juu ya bahari, ndiyo sababu usiku wa mvua ni baridi. Watu wanafunga nyumba na kuwasha moto ndani, na moshi unaumiza kifua cha mtoto. Akikohoa, mwinulie nguo na uhesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akifika mara 50, ao wa mwaka 1 mpaka 5 akifika mara 40, usingoje kesho. Mpeleke.

5. Radi na ziwa

Mashariki ya Kongo ni kati ya mahali penye radi nyingi kabisa duniani. Ukisikia ngurumo, toka shambani, toka majini, ingia nyumbani. Usijifiche chini ya mti. Aliyepigwa na radi hana umeme tena mwilini: mguse, na kama hapumui, mpulizie kinywani na kumbonyeza kifua bila kuchelewa.

Tena, usitafute jirani wa kushitaki kwamba ametuma radi. Umeona inavyozaliwa: ni jua, maji na mlima. Mzee aliyefukuzwa kijijini kwa neno hilo hakuituma.

Kwa kuvuka, ondoka asubuhi, na usipande boti iliyojaa kupita kiasi. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu ya Goma, pwani ikionekana, na watu wengi walikufa. Ilikuwa imepakia kupita nguvu yake.

KUMBUKA: Mvua za kwanza, chemsha maji. Mwezi wote, fukia mashimo na lala ndani ya mustikere. Usiku, sikiliza mtoto anavyopumua. Wingu likiwa jeusi, boti ibaki pwani. Soma karatasi hii pamoja na jirani asiyejua kusoma.