Mifumo tofauti ya tarakilishi afisini: nafuu au mzigo?

SI ajabu siku hizi kumkuta mhasibu wa kampuni akitumia tarakilishi yenye mfumo wa Windows, msanifu wa matangazo akiwa na Mac iliyoundwa na kampuni ya Apple, nayo seva inayohifadhi data za afisi nzima ikiendeshwa na Linux. Kila mmoja huapa kwamba mfumo wake ndio bora. Anayelipa gharama za mifumo hiyo yote ni mwenye biashara, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuulizwa.

Mfumo endeshi ndio unaounganisha mashine yenyewe na programu nyinginezo. Bila huo, programu ya kuandikia barua au kupigia hesabu haiwezi kufunguka. Ugumu huanzia hapo, kwa kuwa programu iliyoundwa kwa ajili ya mfumo mmoja kwa kawaida haikubali kuendeshwa na mwingine.

Suala hili liliingia katika bajeti za biashara nyingi Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa bila malipo masasisho ya usalama ya Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, huhitaji kitumi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Tarakilishi nyingi ambazo zingali zikifanya kazi vyema hazina sifa hizo.

Microsoft ilizipa kampuni fursa ya kulipia masasisho kwa muda usiozidi miaka mitatu. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 61 (karibu Sh7,900) kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na ingeongezeka maradufu kila mwaka. Afisi yenye tarakilishi kumi ingelipa dola 4,270 kwa miaka hiyo mitatu, yaani zaidi ya Sh550,000, ili kuendelea kutumia mashine kuukuu.

Ndipo baadhi ya wafanyabiashara wanapoanza kuitupia jicho Linux. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake maarufu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mfanyabiashara mzaliwa wa Afrika Kusini. Haiuzwi, na huweza kuendeshwa na tarakilishi ambazo Windows 11 imezikataa.

Hata hivyo, kisicholipiwa dukani hulipiwa kwingine. Jiji la Munich, Ujerumani, linaujua ukweli huo. Mwaka 2003 baraza la jiji hilo liliamua kuacha Windows na kuhamia Linux. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka kumi, ikahusisha tarakilishi zipatazo 15,000. Lakini kuna mashine zilizolazimika kubaki na Windows kwa sababu programu zilizotumiwa katika idara fulani hazikupata mbadala. Wafanyakazi walilalamika, hasa kuhusu stakabadhi zilizovurugika zilipobadilishana mikono na afisi za nje. Mnamo 2017, baraza lilipiga kura kurejea Windows. Siasa zilichangia, na mjadala kuhusu uamuzi huo haujaisha, ila matatizo ya stakabadhi hayakuwa ya kubuniwa.

Wakenya waliowahi kujaza fomu za kodi katika iTax wanaufahamu usumbufu wa aina hiyo. Fomu hizo zilikuwa faili za Excel zilizotegemea makro, yaani amri ndogondogo zilizofichwa ndani ya faili. Makro zisipofanya kazi, fomu haijazwi, na makro za Excel ndizo aghalabu hukwama faili inapofunguliwa kwa programu ya kampuni nyingine.

Wapo waliofaulu. Kampuni ya IBM ilianza kuwaruhusu wafanyakazi wake kuchagua Mac mwaka 2015. Mwaka uliofuata ilisema kwamba kila Mac iliiokolea kati ya dola 273 na 543 katika kipindi cha miaka minne ikilinganishwa na tarakilishi za Windows, licha ya bei yake ya juu, kwa kuwa watumiaji wake hawakuhitaji sana msaada wa mafundi. Lakini IBM ina mafundi tele. Duka la vipuri lenye fundi mmoja anayeitwa kwa simu lisijipime kwa kibaba hicho.

Jambo moja linalotetea mchanganyiko ni usalama. Mnamo Julai 19, 2024, sasisho lenye hitilafu kutoka kwa kampuni ya CrowdStrike liliangusha tarakilishi takriban milioni 8.5 duniani, na safari za ndege zikavurugika. Zote zilikuwa za Windows. Afisi iliyokuwa na Mac au Linux kando angalau ilibaki na mashine za kutuma baruapepe siku hiyo.

Isitoshe, kazi nyingi zimehamia mtandaoni, ambapo kinachohitajika ni kivinjari tu. Karani anayeshughulikia baruapepe na kujaza maagizo kwenye tovuti anaweza kutumia mfumo wowote. Mhasibu ambaye programu yake ya hesabu ni ya Windows pekee hana uhuru huo, na kumlazimisha ahame ni kuitia afisi hasara.

Kabla ya kuamua, biashara inaweza kuijaribu Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote katika tarakilishi. Majaribio yafanywe kwa faili halisi za afisi, printa iliyopo na mashine ya kusomea kodi za bidhaa, kisha mfanyakazi mmoja aachiwe mfumo huo kwa mwezi mzima, zikiwemo siku za mwisho wa mwezi ambapo mishahara huandaliwa na ankara hutumwa.