Kicheko cha Kashasha na Mitandao Isiyo na Kitovu

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, yapata kilomita 40 kutoka mji wa Bukoba, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia. Kicheko hicho kilidumu dakika chache au saa kadhaa, kikatulia, kisha kikarudi. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa. Wahaya waliuita *enwara yokusheka*, yaani ugonjwa wa kucheka. Madaktari Rankin na Philip, waliochapisha taarifa ya uchunguzi wao mwaka 1963, hawakuona kijidudu wala sumu yo yote iliyouleta, na hakuna mtu aliyekufa. Siku hizi wataalamu wengi huuhesabu kuwa ni mfadhaiko wa nafsi unaoenea katika kundi.

Shule ilifungwa, lakini njia hazikufungwa. Wasichana walirudi makwao, na baada ya siku chache ugonjwa ukazuka Nshamba, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Muleba. Huko watu 217 walipatwa, kati ya wakazi wapatao 10,000. Mwezi Juni ukaingia katika shule ya Ramashenye, karibu na Bukoba, ukawapata wasichana 48 kati ya 154. Kila mgonjwa alikuwa amekutana karibuni na mgonjwa mwingine.

Je, mkasa huu unahusiana nini na kompyuta?

Kituo kimoja au vituo vingi

Katika mitandao mingi ya kijamii, kampuni moja hutunza habari zote na kuamua nani aone nini. Lakini iko mitandao ya namna nyingine, isiyo na kitovu. Mfano mmoja ni Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko huko Ujerumani. Humo kila kundi la watu laweza kuwa na seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi na kupeleka habari za wanachama wake. Seva hizo huzungumza kwa kanuni moja iitwayo ActivityPub, iliyoidhinishwa kuwa kanuni ya kimataifa Januari 2018. Anayetumia barua pepe ameuzoea mpango kama huo: mtu wa kampuni moja humwandikia mtu wa kampuni nyingine bila kizuizi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa Kishanda, wilayani Muleba, anaandika habari katika seva ya shule yake. Seva hiyo haipeleki habari kwa ulimwengu mzima. Huipeleka katika seva zenye watu waliojiandikisha kumfuata mwanafunzi huyo. Mfuasi mmoja wa Bukoba akiisambaza, inawafikia na wafuasi wake. Ndivyo habari inavyokwenda, mtu kwa mtu, kama kicheko cha Kashasha.

Chujio liwekwe wapi?

Chujio laweza kuwekwa mahali patatu. Kwanza ni kwa mwandishi, anayechagua habari yake iwafikie watu wote au wafuasi wake tu. Lakini nakala ikishatoka hairudi kwa hakika: akiifuta, seva yake hutuma ombi tu, na seva nyingine yaweza kulipuuza.

Pili ni kwa seva, inayoweza kukataa habari zote za seva nyingine. Dawa hii ni kali, kwani huwazuia wema pamoja na waovu. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera, ambako uliua watu 6, onyo la daktari na uvumi wa mtaani vingeweza kupita njia ile ile. Anayeifunga njia yote huzuia na onyo.

Tatu ni kwa mpokeaji mwenyewe, anayechagua wa kumfuata na wa kumnyamazisha. Hapa Kashasha yatoa funzo kubwa. Walimu watano wa shule ile waliishi na wagonjwa kila siku, wala hakuna hata mmoja aliyepatwa. Kukutana peke yake hakutoshi kueneza jambo. Hali ya mpokeaji nayo ina uzito.

Kwa hiyo, katika mtandao usio na kitovu, uchujaji hauna budi kuwa karibu na mpokeaji iwezekanavyo. Seva izuie madhara yaliyo dhahiri tu, na iwatangazie wanachama wake imezuia nini na kwa nini. Aidha, kila habari ibaki na jina la seva ilikotoka, ili msomaji ajue chanzo chake kabla ya kuipitisha.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Wanafunzi wachore nukta 20 na kuziunganisha kwa mistari, kisha waipitishe habari moja kutoka nukta hadi nukta. Kwanza wafute nukta yenye mistari mingi kuliko zote, baada ya habari kuipita. Halafu waanze upya, na nukta chache zilizotawanyika zikatae kuipitisha. Wahesabu katika kila jaribio ni nukta ngapi zimefikiwa.