Jumatatu ni Siku ya Ngapi? Hesabu za Siku katika Juma la Ibada kwenye Parokia za Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Waumini Wakatoliki wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao husali pamoja kwa Kiswahili, ilhali wengi wao wamelelewa katika lugha zinazohesabu siku za juma kwa namna tofauti. Makala haya yanaeleza hesabu zinazokutana katika parokia hizo na kuchunguza mahali zinapogongana: katika matangazo ya Misa, katika ratiba za jumuiya na katika ufafanuzi wa masomo ya Pasaka. Hoja inayojengwa ni kwamba neno lisilojulikana humfanya msikilizaji aulize. Linalompoteza ni lile analodhani analijua.

Utangulizi

Jimbo Katoliki la Kigoma lilianza kama Vikarieti ya Kitume mwaka 1946, likawa jimbo kamili mwaka 1953. Kaskazini limepakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Wenyeji walio wengi ni Waha, ambao lugha yao katika uainishaji wa Guthrie imo katika kundi moja na Kirundi (D66 na D62). Kusini wako Watongwe na Wabende. Ujiji na Kigoma mjini wako pia Wabembe na Wamanyema, ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka magharibi. Juu ya wote hao wameongezeka wakimbizi: Warundi wa mwaka 1972, wa mwaka 1993 na wa mwaka 2015, pamoja na Wakongo ambao kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996.

Mjadala kuhusu lugha ya Kanisa mara nyingi huelekezwa kwenye istilahi nzito za teolojia: neema, sakramenti, Utatu. Mjadala huo una haki yake, lakini mwamini wa kawaida hahitaji kuifafanua neema ili afike kanisani. Anahitaji kujua aje lini. Kwa sababu hiyo makala haya yanaziacha istilahi hizo na kushughulikia majina ya siku, ambayo kwa sura yake ni mambo madogo kabisa.

Kiswahili kilivyokuwa lugha ya altare

Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwezi Januari 1879. Ujiji ulikuwa mji wa biashara wa Waarabu na waungwana, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika huko kwa misafara iliyotoka pwani. Mapadre hawakujenga kitovu chao hapo. Mwaka huohuo wa 1879 walikwenda Rumonge, katika Burundi ya leo, na mwaka 1885 walipokea vituo vya Karema na Mpala kutoka kwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold. Karema iko mwambao wa mashariki, Mpala iko mwambao wa magharibi. Tangu mwanzo, basi, misheni ya ziwa ilikuwa moja yenye kingo mbili, na Kiswahili kilivuka maji pamoja nayo.

Misa yenyewe iliendelea kusomwa kwa Kilatini hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati ya mtaguso huo kuhusu Liturujia, iliyotolewa Desemba 1963, ndiyo iliyofungua mlango kwa lugha za watu. Tanzania ilikwenda na Kiswahili, Burundi ikaenda na Kirundi, nayo Kongo ikagawana lugha zake kuu. Mwaka 1988 majimbo ya Zaire ya wakati ule yalipata hata utaratibu wake wa Misa ulioidhinishwa na Roma, ambamo toba huja baada ya homilia. Mkongo anayesali Kigoma hukutana kwa hiyo na Kiswahili anachokielewa katika mpangilio ambao huenda si ule aliouzoea.

Kukielewa Kiswahili hicho nako kuna mipaka. Neno *shirika* linatosha kuwa mfano. Katika majimbo ya Kivu, shirika ni jumuiya ya majirani wanaokutana kusali na kusaidiana. Tanzania jumuiya ya namna hiyo huitwa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, na shirika ni chama cha watawa. Mama wa Kikongo akisema kuwa yeye ni wa shirika fulani, msikilizaji wa Kigoma anaweza kumtazama watoto wake wanne na kushangaa.

Hesabu zinazokutana

Kiswahili sanifu kinahesabu kuanzia Ijumaa, siku ya kukusanyika kwa Waislamu. Inayofuata ni Jumamosi, yaani ya kwanza, kisha Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Baada ya hapo hesabu ya Kibantu inakatika na Kiarabu kinaingia: Alhamisi, ambayo maana yake ni ya tano. Juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana, kwa kuwa Kiarabu huanza kuhesabu Jumapili ilhali Kiswahili huanza Jumamosi. Mzawa wa lugha hasumbuliwi na jambo hili, kwa sababu kwake majina hayo yameganda. Akisikia Jumatatu hafikirii tatu.

Kirundi kinaanza siku moja baada ya Kiarabu. *Ku wa mbere*, siku ya kwanza, ni Jumatatu. *Ku wa kabiri* ni Jumanne. *Ku wa gatatu* ni Jumatano. *Ku wa kane* ni Alhamisi. *Ku wa gatanu* ni Ijumaa. *Ku wa gatandatu* ni Jumamosi. Jumapili haina namba bali huitwa *ku wa Mungu* au *ku w'Imana*. La kwanza kati ya majina hayo mawili linastahili kutazamwa. Katika sala za Kirundi Mungu ni *Imana*, lakini neno *Mungu*, lililoingia kupitia Kiswahili, limejihifadhi ndani ya jina la siku.

Kiswahili cha Kongo nacho huhesabu kama Kirundi. *Siku ya kwanza* ni Jumatatu na *siku ya tano* ni Ijumaa. Jumamosi ni *siku ya posho*, na Jumapili ni *siku ya Mungu*. Kilingala kina mpangilio uleule, pamoja na posho yake. Kwa maoni yangu chanzo chake ni juma la kazi la kikoloni, ambalo lilianza kwa kengele ya Jumatatu na kuishia kwa mgawo wa chakula Jumamosi. Jina la siku ya posho ni ushahidi wa kutosha kwamba aliyeipanga hesabu hiyo alikuwa na ghala mbele yake, si msikiti.

Hesabu ya nne ni ya Kanisa lenyewe. Katika Kilatini cha liturujia Jumapili ni *Dominica*, siku ya Bwana, na inahesabiwa kuwa ya kwanza. Jumatatu ni *feria secunda*, na Ijumaa ni *feria sexta*. Siku moja, Jumatatu, inakuwa hivyo ya kwanza kwa Mrundi na Mkongo, ya pili kwa kalenda ya Kilatini, na ya tatu kwa Mswahili.

Matangazo

Matangazo husomwa kuelekea mwisho wa Misa, baada ya Komunyo, watoto wakiwa wamechoka na baadhi ya watu wazima wakiwa tayari wamegeuza nyuso kuelekea mlangoni. Ni utanzu ambao wataalamu wa fasihi simulizi wanaweza kuudharau, lakini maisha ya parokia kwa juma zima hutegemea dakika hizo: ndoa zinazotangazwa, zamu za usafi, mkutano wa WAWATA, mafundisho ya Kipaimara, siku ambayo padre atafika kigangoni. Tuchukue mfano huu wa kubuni:

(1) Wasimamizi wa ubatizo wafike kwa mafundisho Jumatatu saa kumi jioni.

Msikilizaji mgeni kutoka Burundi ambaye Kiswahili chake ni cha kujifunza barazani hatalichukua neno *Jumatatu* kama pande moja. Atalikata. Atasikia *tatu*, ambayo katika lugha yake ni *-tatu* vilevile, na siku yenye *-tatu* kwake ni Jumatano. Kosa hili lina utaratibu. Jumanne itampeleka *ku wa kane*, yaani Alhamisi. Jumatano itampeleka *ku wa gatanu*, yaani Ijumaa. Kila mara atachelewa siku mbili kamili. Aliyetangaziwa Jumatano ya Majivu akafika Ijumaa atakuta Kwaresima imekwisha kuanza bila paji lake kuguswa.

Kosa hili linazalishwa na ujirani wa lugha. Mjerumani anayejifunza Kiswahili hawezi kukosea hivi, maana *tatu* haimwambii kitu mpaka aambiwe. Atalikariri jina zima. Mrundi anaadhibiwa kwa kujua. Mzungumzaji wa Kiha anazo namba zilezile, lakini shule na soko vimemzoesha majina ya Kiswahili tangu utotoni, na kwa hiyo amekingwa.

Kwa Mkongo hali inageuka. Yeye anazungumza Kiswahili, na hakuna anayedhani kuwa anahitaji kutafsiriwa. Tazama:

(2) Tutakutana siku ya tatu kwa mama mgonjwa.

Akisema hivyo katika jumuiya, yeye amekusudia Jumatano. Jirani yake wa Ujiji anaweza kuelewa Jumatatu, au siku tatu kuanzia leo. Watu watatu waliosikia sentensi moja, kwa lugha ambayo wote wanaiita Kiswahili, wanaweza kwenda kwa mgonjwa kwa siku tatu mbalimbali. Kwa mgonjwa huenda hilo lisiwe baya.

Dawa iliyo rahisi ni kutaja tarehe pamoja na siku, maana tarehe haina ubishi kwa lugha yoyote kati ya hizi. Ningependekeza pia katekista anapotafsiri asitafsiri namba bali siku: *Jumatatu* iwe *ku wa mbere* moja kwa moja, bila kupitia *tatu*.

Saa nayo ina shida yake, ingawa ni ya jua zaidi kuliko ya lugha. Tanzania iko mbele ya Burundi na Kongo mashariki kwa saa moja, ingawa wote wanaota jua lilelile ziwani. Kigoma jua huchomoza karibu na saa moja, kwa hiyo Misa ya saa kumi na mbili asubuhi huanza gizani, wakati Bujumbura, dakika ileile, saa inaonyesha kumi na moja.

Ijumaa, Dominika na mwezi

Ujiji ni mji wa Waislamu kwa historia na kwa idadi, na Ijumaa ni yao kwa jina. Katika Kwaresima, hata hivyo, Ijumaa alasiri ndiyo siku ya Njia ya Msalaba. Waislamu wametoka kuswali. Wakatoliki wanakwenda kusali. Asili ni neno moja la Kiarabu, na tofauti ya matamshi, *w* moja tu, imekuwa mpaka kati ya dini mbili. Jina la siku lenyewe halikupata mpaka wa namna hiyo. Hakuna Mkatoliki aliyeona haja ya kulibadili, na *Ijumaa Kuu*, kilele cha majonzi ya Kikristo, hubeba jina la mkutano wa msikitini bila yeyote kukereka.

Kwa Jumapili mambo yalikuwa tofauti. Katika vitabu vya ibada na katika midomo ya mapadre neno *Dominika* limeshika nafasi: Dominika ya Matawi, Dominika ya Majilio. Mtu anaweza kulilaumu kwa Ulatini wake. Mimi naona limefanya kazi ambayo *Jumapili* isingeiweza, kwani halina namba ndani yake. Linakaa sambamba na *ku wa Mungu* na *siku ya Mungu*, na kwa siku hiyo moja lugha zote za parokia zinakubaliana kwa maana hata zisipokubaliana kwa sauti.

Wavuvi wa dagaa wana kalenda nyingine. Uvuvi wao ni wa usiku kwa taa, na mbalamwezi huifanya taa isivute samaki. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu huwa za kupumzika na kushona nyavu. Juma kwao halina uzito kama mwezi. Pasaka nayo, kwa kanuni ya kalenda, huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu Machi 21, na kwa sababu hiyo Juma Kuu huangukia daima katika siku za mbalamwezi. Hakuna aliyepanga kanuni hiyo kwa ajili ya Ziwa Tanganyika, lakini inampata mvuvi akiwa nchi kavu.

Siku ya tatu

Wainjili wanasema kaburi lilikutwa wazi siku ya kwanza ya juma. Kwa Mkongo, maneno hayo ndiyo jina kamili la Jumatatu. Mrundi naye atafikiria *ku wa mbere*, ambayo pia ni Jumatatu. Mswahili anayeyakata majina ya siku atapata *mosi*, yaani Jumamosi. Hakuna hesabu kati ya hizo inayofika Jumapili, isipokuwa ya Kiarabu na ya Kilatini.

Imani inasema vilevile kwamba Kristu alifufuka siku ya tatu. Mtoto wa mafundisho akiambiwa kuwa Bwana alikufa Ijumaa akafufuka Jumapili, ana haki ya kuuliza kwa nini jina lenyewe linasema *pili*. Jibu liko katika namna ya kuhesabu. Wayahudi na Warumi wa kale waliihesabu siku ya kuanzia: Ijumaa ni moja, Jumamosi ni mbili, Jumapili ni tatu. Ndivyo pia Injili ya Yohane inavyozitaja siku nane kati ya Jumapili ya Ufufuko na ile ambayo Tomaso aliamini. Kiswahili kinaiacha Ijumaa nje, kama mtu anayehesabu hatua baada ya kuinua mguu, na ndiyo maana siku inayoifuata ni mosi na Jumapili ni ya pili. Katekista anayeanza kwa kuwakunjisha watoto kidole cha Ijumaa amekwisha kulieleza somo hilo kabla ya kufungua kitabu.