Kihenge, dawa au mfuko: mahindi yakae wapi?

Mkulima wa Songea au Mbozi huvuna kuanzia Juni, wakati majirani zake wote wanavuna na bei iko chini. Akiuza yote, Januari atanunua mahindi yaleyale kwa bei ya juu. Umaskini mwingi wa kijijini unaanzia hapo, kwa hiyo gharama ya kuhifadhi ipigiwe hesabu mapema kama ya mbolea.

Kihenge cha fito na udongo kinataka jasho kuliko fedha. Wazee wetu hawakukosea kukitegemea. Mahindi yao ya kienyeji yalikuwa na punje ngumu, na maganda yalifunika gunzi hadi ncha, fukusi asipenye kirahisi. Mambo yaliharibika mwishoni mwa miaka ya 1970, mdudu aitwaye dumuzi alipoingia Tabora kutoka Amerika ya Kati. Huyu hutoboa hata mbao. Tena chotara nyingi tunazopanda leo zina punje laini.

Dawa ya unga ni nafuu siku ya kununua, ila inarudi kila msimu, na ikiwa ya bandia umepoteza fedha na mahindi pia.

Mfuko wa PICS una plastiki mbili ndani ya kiroba. Ukifungwa vizuri, wadudu humaliza oksijeni iliyomo wakafa, bila dawa yoyote. Tuseme mmoja unauzwa shilingi 5,000 na unabeba kilo 100. Ukitunzwa usitobolewe na panya, hutumika misimu mitatu hivi: karibu shilingi 1,700 kwa msimu. Linganisha na hasara: dumuzi akila debe moja tu katika kila gunia, mwenye magunia 10 amepoteza zaidi ya gunia moja na nusu.

Sharti mahindi yakauke kabisa. Tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Silo ya bati hudumu miaka mingi, lakini fedha yake hutoka kwa mkupuo. Naiona inafaa zaidi kwa kikundi.

Mimi ningeweka kihengeni chakula cha hadi Septemba, na ya kuuza Januari yote mifukoni, yasifunguliwe kabla. Asiye na fedha ya mifuko 10 anunue miwili mwaka huu. Faida ya Januari inunue mingine.